Damu salama huanzia kwenye ngozi ya mchangiaji

Nchini Kongo, mfuko wa damu mara nyingi huenda kwa mtoto aliyeishiwa damu kwa sababu ya malaria, ao kwa mama anayevuja damu baada ya kujifungua. Ndugu huitwa mbio, anakalishwa, mkono unapanguswa kwa pamba na sindano inaingia. Kupangusa kwenyewe huchukua sekunde mbili tatu. Hapo ndipo penye hatari.

Kila tarehe 14 Juni, siku ya kimataifa ya wachangiaji damu, wakuu wa afya huzungumzia UKIMWI, homa ya ini na kaswende. Ni haki yao, vipimo hivyo vinaokoa maisha. Lakini hakuna hata kimoja kinachoonyesha bakteria wa ngozini walioingia pamoja na sindano. Bakteria hao hawamdhuru mwenye ngozi. Wakifika ndani ya mfuko, wanaweza kuongezeka, na friji ya nyuzi 2 hadi 6 inayotakiwa kuwazuia hutegemea umeme, ambao kila msomaji wa hapa anaujua. Mgonjwa anayepokea damu hiyo anaweza kushikwa na homa kali, kutetemeka, hata kufa, na watu wakadhani ni malaria ileile.

Mwongozo wa OMS wa mwaka 2010 uko wazi: ngozi isafishwe sekunde 30 kwa klorheksidini ya asilimia 2 iliyochanganywa na alkoli ya asilimia 70, iachwe ikauke sekunde 30 nyingine, kisha pasiguswe tena. Kurudisha kidole kutafuta mshipa ni kuharibu kazi yote. OMS inakataza pia kulowesha pamba ndani ya kopo na kuichota siku nzima, kwani kopo hilo hujaa vijidudu kutoka mikononi.

Dawa gani ni bora? Watafiti wa Cochrane walilinganisha alkoli peke yake na alkoli inayofuatwa na dawa nyingine. Hawakupata hata utafiti mmoja uliofaa, hivyo jibu halikupatikana. Basi kituo chenye alkoli pekee kisitumie upungufu huo kama kisingizio: kiitumie kwa muda unaotakiwa, na kiiache ikauke.

Lawama zote zisitupwe kwa wauguzi. Anayebania pamba anafanya hivyo kwa sababu hajaletewa nyingine, na mshahara wake wenyewe hauji kwa wakati. Ni kazi ya serikali na programu ya taifa ya damu kupeleka pamba za kutumia mara moja hadi vituo vya vijijini, pamoja na mifuko yenye kifuko cha pembeni kinachopokea damu ya kwanza, ile inayoweza kubeba kipande cha ngozi. Na mchangiaji akiona kidole kinarudi kwenye mkono uliokwisha kusafishwa, aombe usafishwe upya.