Moteri ya nguvu iliyofukuzwa na moshi wake

Bandugu, sisi watu wa garage ya mine, wengi tulifundishwa kazi na wakubwa wetu juu ya moteri ya zamani ya Detroit Diesel, ile ya « deux temps ». Ilikuwa inalia sana, unafika nyumbani masikio bado yanaimba. Lakini tuliipenda, juu haikukataa kazi. Leo vijana wanatuuliza: kama ilikuwa na nguvu vile, juu ya nini iliachwa?

Jibu haliko kwenye nguvu. General Motors ilitoa Série 71 mwaka 1938. Kila mara pistoni inapopanda, mazutu inawaka. Kwenye « quatre temps » inawaka mara moja kwa kupanda mara mbili. Ndiyo maana moteri ndogo ilifanya kazi kubwa. Lakini pistoni yake haipati nafasi ya kutoa moshi yenyewe. Suflante inaingiza hewa kupitia matundu ya shemizi ya silinda, na ile hewa ndiyo inafukuza moshi. Mafuta ya moteri nayo yanapita kwenye matundu yale, yanaungua, yanatoka kwa bomba. Tena inakunywa mazutu mingi.

Miaka karibu 50 hayo yote yalivumiliwa. Kisha Marekani ikaanza kupima masizi ya kamio: mwaka 1988 kipimo kilikuwa gramu 0,60 kwa kila farasi ya nguvu kwa saa, mwaka 1994 kikashuka mpaka 0,10. Fabriki ilikuwa imeshatoa Série 60 ya « quatre temps » mwaka 1987, na ile ya zamani ikatoka barabarani. Meli kubwa za baharini bado zinatembea na « deux temps ». Kwa hiyo si wazo lenyewe lililokosa. Kwenye kamio, kipimo cha moshi ndicho kiliifungia njia.

Na sisi je? Ile sheria ilipima moshi wa barabara, kwenye upepo unapita. Chini ya udongo hakuna upepo isipokuwa wa ventilateri. Mwaka 2012, tawi la OMS linalochunguza kansa lilisema wazi kwamba moshi wa mazutu unaleta kansa ya mapafu. Sehemu ya ushahidi ilitoka kwa wafanyakazi zaidi ya 12 000 wa mine 8 za Marekani.

Wakubwa wa kazi wanatuambia: mashini ni mpya, shida imekwisha. Hapana. Moteri mpya yenye filtre imeziba na injekteri zimechoka inatoa moshi pia. Bibi zetu wanaofua nguo zetu wanajua rangi ya yale maji.

Tunaomba mambo matatu. Hewa ipimwe pale mutu anafanyia kazi, si kwenye mlango tu. Hesabu ibandikwe kwenye ubao, kila mutu asome. Ventilateri ikikufa, mashini zisimame. Wajumbe wa sindika, kwenye mkutano ujao wa komite ya usalama na usafi, musitie sahihi kwenye karatasi kama hesabu ya moshi haimo.