Kijia cha Baiskeli na Jembe la Adhabu

Katika shule nyingi za msingi mtoto aliyechelewa hupewa jembe. Aliyepiga kelele huchimba shimo la taka, na aliyesahau daftari hufyeka majani kando ya njia iendayo uwanjani. Mwalimu hudhani amepata faida mbili: mkosaji ameadhibiwa na kazi imefanyika. Sisi twaona kuwa amepata hasara mbili, na twapenda kulieleza jambo hili kwa mfano ambao huenda ukawashangaza wanachuo, yaani mfano wa watu waendeshao baiskeli milimani kwa kujifurahisha.

Kaskazini ya jiji la Vancouver, nchini Kanada, ipo milima ya Cypress, Fromme na Seymour, ambayo miteremko yake hushukia hadi karibu na nyumba za watu. Mvua huko ni nyingi. Chini ya milima hiyo hunyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Tangu miaka ya 1980 waendesha baiskeli walichonga vijia misituni humo, vingi bila idhini, wakajenga madaraja ya mbao mahali penye tope. Vijia vilipendwa, baiskeli zikaongezeka, maji yakaanza kuchukua udongo na mizizi ikabaki wazi. Mwaka 1997 waendeshaji waliunda chama, North Shore Mountain Bike Association, ili waseme na wakuu kwa sauti moja na watunze walichokichonga. Baadaye chama kiliweka mpango wa kukipatia kila kijia mlezi: duka, klabu au kundi la marafiki hukipokea kijia, huchangia gharama zake, na siku zilizopangwa hutoka na sururu na reki kukitengeneza. Hakuna miongoni mwao aliyekosa. Wanasomba mawe mvuani kwa sababu juma lijalo watapita papo hapo wenyewe.

Tusidanganyane: watu hao wana nafasi na fedha, na baiskeli moja ya namna hiyo yaweza kuzidi mshahara wa mwalimu wa miezi mingi. Lakini moyo wa kutunza mahali unapopapenda si mali ya matajiri. Msitu wa Karura, wenye hekta zipatazo 1,000 ndani ya Nairobi, ulinusurika kugawiwa wajenzi kwa sababu wananchi waliutetea. Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa walipokwenda kupanda mti huko. Siku hizi watu hutembea na kuendesha baiskeli katika njia zake, na kwa miaka mingi chama cha Marafiki wa Msitu wa Karura kimeshirikiana na mamlaka ya misitu kuutunza.

Turudi kwenye kijia, maana humo mna somo zima. Mchonga vijia mahiri humfikiria kwanza maji, kisha ndipo amfikirie mpita njia. Kijia kinachoshuka moja kwa moja kutoka kileleni huwa mfereji: maji hukifuata, hupata kasi, huchimba. Kwa hiyo kijia hukatwa kwa kukingama ubavuni mwa kilima, na kanuni ya wachongaji ni kwamba mteremko wa kijia usizidi nusu ya mteremko wa kilima chenyewe, na kwa wastani usizidi asilimia 10. Ukingo wa chini huinamishwa kidogo ili maji yavuke kijia yasikifuate. Kila baada ya hatua kadhaa kijia hushuka kidogo kisha hupanda, na hapo maji hulazimika kutoka. Mkulima aliyechimba makinga maji katika shamba la mlimani ataitambua elimu hii mara moja.

Sasa mwanachuo awachukue watoto wa darasa la tano hadi njia ya shule yenye korongo. Wawe na fito iliyonyoka ya mita 2, chupa yenye maji nusu iliyolazwa juu yake, na rula. Ncha moja ya fito iwekwe chini upande wa juu wa njia, fito isawazishwe mpaka maji ya chupa yalale sawa, kisha wapime ncha ya pili ina umbali gani kutoka ardhini. Wakipata sentimita 20 katika sentimita 200, wamepata asilimia 10, nao hawataisahau asilimia kama wanavyoisahau ile ya ubaoni. Wapime pia mahali palipochimbika zaidi. Mwalimu asiwaambie sababu. Aulize maji yametoka wapi na yamekwenda wapi, kisha anyamaze. Kunyamaza huku ndiko kugumu kuliko yote kwa mwalimu mpya.

Baada ya hapo kila kundi lipewe hatua 20 za njia kuzilea kwa muhula mzima, lichimbe lenyewe njia za kutolea maji, na baada ya kila mvua kubwa liende kutazama kama zimefaa. Kundi litakalokosea litaona kosa lake udongoni, bila ya kalamu nyekundu.

Lakini kazi hiyo itakufa siku ya kwanza ambapo mkosaji atatumwa kuifanya. Tunaikumbuka shule moja ambayo bustani yake ilitunzwa vizuri na wanafunzi wa zamu, hata mwalimu mmoja alipoanza kuwapeleka humo wachelewaji. Haukupita mwezi, watoto wa zamu wakaanza kujificha, kwani hakuna aliyetaka kuonekana bustanini akadhaniwa mkosaji. Hatukumlaumu mtoto yeyote.

Mwalimu mkuu atauliza wachelewaji wafanywe nini basi. Ni swali la haki. Sisi tungeanza kwa kuwauliza wanatoka umbali gani, na njia yao huwaje wakati wa masika. Pengine watakuwa wamekwisha kutuonyesha korongo la kupima.