Asilimia 90 ya Nani?

Kila kongamano la tabianchi, Kenya inasimama kifua mbele: karibu asilimia 90 ya umeme wetu unatokana na mvuke wa Olkaria, maji, upepo na jua, na ifikapo 2030 itakuwa 100. Sawa, hongera. Lakini mimi ni mtu wa Migori, na nikinunua tokeni bado nakatwa gharama ya mafuta. Mafuta ya nani?

Njoo Gogo uone. Wakoloni walijenga bwawa kwenye Mto Kuja miaka ya 1950 ili mgodi wa Macalder upate stima. Megawati 2. Uhuru ukaja, mgodi ukafungwa, marais wakapita mmoja baada ya mwingine, na Gogo bado ni megawati 2 zilezile. Bwawa limejaa udongo unaosombwa kutoka mashamba ya Kisii. Habari za kulipanua tumezisikia hadi zimezeeka. Wakati huohuo, pale Muhoroni mitambo inachoma mafuta yaliyotoka ng'ambo ili huku kwetu kusizimike jioni.

Wahandisi watanijibu kwamba laini za kuleta umeme wa Olkaria huku magharibi zimezidiwa, ndiyo maana Muhoroni inawashwa. Ni kweli kabisa. Basi si hiyo ndiyo sababu ya kuzalisha hapahapa? Mto tunao. Jua, wacha tu, Homa Bay linakuchoma hadi ndani ya matatu.

Halafu kuna Mfangano. Kisiwa kiko karibu kabisa na ikweta, na kilipopata stima ya serikali kikapelekewa jenereta za dizeli! Kila lita lazima ivuke ziwa, na anayelipia safari hiyo ni mimi na wewe, kwa tokeni. Eti jua halipo usiku? Nenda Mbita uwaulize wavuvi wa omena, ambao kazi yao yote ni ya usiku. Wengi wao wameshaweka chini karabai na kuingia ziwani na taa za sola. Hawakungoja kongamano.

Kwa hiyo nisipigiwe makofi ya asilimia. Udongo wa Gogo uondolewe, mashine mpya zifungwe, visiwa vipewe sola na betri, na kila mwaka tuambiwe hadharani Muhoroni imechoma lita ngapi. Wewe wa Rongo, wa Suba, wa Ndhiwa: mbunge wako ameuliza hilo lini?