Kinanda Kisichoijua Bayati

Wapo wanaomshauri kijana anayejiburudisha kwa muziki nyumbani kwake anunue kinanda cha umeme chenye sauti mia tano, na ushauri huo wakauita maendeleo. Maendeleo gani hayo? Kinanda cha kawaida, pamoja na programu nyingi za kompyuta, huigawa oktava katika hatua 12 zilizo sawa. Rasti na Bayati, maqam zilizomo katika taarab ya Unguja, zina sauti zikaazo baina ya hatua hizo. Fidla na udi huzifikia kwa kidole tu. Mashine isiyorekebishwa huziruka, na sikio lililolelewa nayo hatimaye huziita makosa. Hiyo ndiyo hasara.

Siti binti Saad aliporekodiwa Bombay mwaka 1928, mashine iliipokea sauti yake kama ilivyokuja. Chombo cha leo nacho na kitii. Anayechagua na aulize kwanza: kinakubali robo toni? Vinanda vinavyokubali vipo. Na asiye na fedha atafute maikrofoni moja na Audacity, programu ya bure. Udi wake utabaki udi. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.