Pembe ya Kisu na Thamani ya Kurudia

Mwanafunzi anayejifunza mashine ya kukereza vyuma mara nyingi husifiwa kwa kipande kimoja alichokitengeneza vizuri. Kipimo hicho hakitoshi. Kazi ya kiwanda huanza pale kipande cha pili, cha kumi na cha mia vinapolingana na cha kwanza. Na ulinganifu huo hutegemea, pamoja na mambo mengine, pembe ya kisu.

Kisu cha kukatia hubanwa katika kishikio kinachozunguka juu ya mhimili wake, kisha kishikio hukazwa kwa nati. Fundi akitaka kukata ukingo kwa mshazari wa digrii 45, hukizungusha; akimaliza, hana budi kukirudisha. Shida ni kwamba nati inapokazwa, msuguano wake huweza kukivuta kishikio upande mmoja. Jicho halioni kosa hilo, lakini chuma hulifichua. Hesi ya kimetriki ina pembe ya digrii 60, yaani digrii 30 kila upande. Kisu kikienda upande kwa digrii 1 tu, ubavu mmoja wa hesi huwa na digrii 31 na wa pili 29. Nati haikai sawasawa, na mzigo hubebwa na sehemu ndogo ya chuma.

Dawa si kuongeza mistari ya kusomea pembe, bali kukipa kishikio kituo. Pini iingiayo katika tundu yaweza kufaa, ila mahali pa tundu pana maana. Mwanya wa milimita 0.1, ukiwa milimita 30 kutoka katikati, huruhusu kosa la takriban digrii 0.2, ukiwa milimita 60, kosa hupungua kwa nusu. Kuna pia vishikio vyenye meno 40 kuzunguka kiini chake, ambapo kila jino ni digrii 9: meno matano hutoa digrii 45, na kumi hutoa 90. Kwa kuwa meno mengi hushikana pamoja, kasoro ya jino moja hupunguzwa na mengine.

Hapa pana funzo la fizikia. Chombo kinachokosea daima kwa kiasi kilekile hurekebishika. Kinachokosea leo hivi na kesho vile hakirekebishiki. Kwa hiyo yafaa mwanafunzi akirudishe kishikio mara 10, apime kila mara kwa geji mahali ilipo ncha ya kisu, na aandike tofauti. Tofauti hizo zihesabiwe katika alama zake.

Mwaka 1841 Joseph Whitworth wa Uingereza alipendekeza hesi zote zikatwe kwa pembe moja ya digrii 55, maana kila karakana ilikuwa na hesi zake. Lakini pembe iliyoandikwa kitabuni haitengenezi kipuri. Kipuri cha pampu hufungwa mbali na aliyekikereza, na huko hakuna wa kukipunguza kwa tupa hadi kikubali. Shule inayofundisha kurudia ndiyo inayoandaa mafundi wa vipuri hivyo.