Mbu wa Sinema na Mjusi wa Lindi

Umeme ulikatika wakati mnyama mwenye shingo ndefu ndiyo kwanza anasimama kwa miguu ya nyuma afikie majani ya juu. Tulikuwa tumebanana kwenye mabenchi ya kibanda umiza kimoja huko Temeke, miaka ya tisini inaelekea ukingoni, juu mabati, chini mchanga, na kijana aliyekuwa akitutafsiria Jurassic Park amesimama ubavuni mwa televisheni. Gizani watu wakaanza kubishana. Mmoja akashikilia kwamba wale wanyama ni wa kweli, Wamarekani wanawafuga kisiwani. Mwingine akasema hayo yote ni kompyuta. Ndipo mzee aliyekaa karibu na mlango akasema taratibu: "Mjusi wa namna hiyo katoka kwetu Lindi, wanangu. Wajerumani ndio waliomchukua."

Tulimcheka. Kicheko kile nimekijutia miaka mingi, kwa sababu katika kibanda kizima ni yule mzee peke yake aliyesema neno la kisayansi usiku ule.

Nimekumbuka hayo kwa sababu ya mjadala ambao sasa nausikia kila mahali, kuanzia vijiweni hadi kwenye vikao vya wazazi shuleni: je, sinema zinawapotosha watoto wetu kuhusu sayansi? Walimu wengi wanasema ndiyo. Mtoto anaingia darasa la baiolojia akiwa na uhakika kwamba tone la damu linatosha kumfufua mnyama aliyekufa zamani, na mwalimu anapoteza nusu kipindi kung'oa kilichopandwa na muvi. Wanaojibu upande wa pili wanasema sinema ni burudani, kila mtu anajua stelingi hafi, basi waacheni watoto wafurahi. Mimi siko na hawa wala wale. Nadhani muvi inaweza kuwa mwanzo mzuri wa somo kuliko vitabu vingi, ila tumezoea kuzima televisheni na kwenda kulala mahali ambapo mazungumzo yalipaswa kuanza.

Makosa yenyewe si haba, na mengine ni madogo. Sinema ile ya Steven Spielberg ya mwaka 1993 ilimwonyesha Velociraptor akiwa na kimo cha mtu mzima. Mnyama halisi alikuwa na ukubwa wa bata mzinga, na mfupa wa mkono wake uliochunguzwa mwaka 2007 una alama za mahali manyoya yalipokuwa yameshikilia. Sumu anayoitema mmoja wa wanyama wale ni ubunifu mtupu. Jina lenyewe la bustani linapotosha, kwa sababu Tyrannosaurus hakuishi enzi ya Jura. Aliishi miaka milioni 66 hadi 68 iliyopita, ilhali wanyama wa Lindi ni wa miaka milioni 150 hivi. Maana yake ni kwamba yule mnyama mkali anayetetemesha maji ndani ya glasi yuko karibu zaidi na sisi kuliko alivyokuwa karibu na mjusi wa yule mzee. Nimewaambia watu wazima jambo hili, wasomi kabisa, wakanitaka nirudie hesabu.

Lakini kosa lililo tamu kuliko yote ni la mbu.

Katika sinema, wachimbaji wa Jamhuri ya Dominika wanatoa ardhini kipande cha kaharabu chenye mbu ndani. Mbu huyo alinyonya damu ya dinosau kabla ya kunaswa na utomvu wa mti, na wanasayansi wanaichota damu hiyo na kupata vinasaba. Mtoto wa pwani akiangalia pale, ana haki ya kushtuka, kwa sababu kitu hicho anacho nyumbani. Bibi yangu mzaa mama, mtu wa Rufiji, alikuwa na kopo la bati la kuwekea ubani, na ndani yake, katikati ya udi na uvumba, mlikuwa na kipande cha sandarusi kikubwa kama yai la njiwa. Ukikisugua kwa kanga na kukiinua kwenye mwanga wa koroboi, ulimwona sisimizi ametulia, miguu imekunjwa, tumbo linang'aa kama limepakwa mafuta jana. Kandokando yake kulikuwa na kiputo cha hewa kidogo kuliko punje ya mtama. Bibi alitukataza kukichezea. Alisema huyo ni mgeni wa miti.

Sandarusi ni utomvu wa msandarusi ulioganda na kukaa ardhini. Katika karne ya 19 ilichimbwa kwenye ukanda wetu wa pwani, ikapelekwa Zanzibar, ikavuka bahari hadi Salem, Massachusetts, ikawa vanishi. Kaharabu ni ndugu yake mzee. Na hapa ndipo hadithi inaponisisimua: kaharabu ya Jamhuri ya Dominika ilitoka kwenye mti uliokwisha kutoweka, na wataalamu walipoulinganisha na miti iliyo hai, waliona jamaa yake wa karibu zaidi ni msandarusi wetu wa Afrika Mashariki. Mti wa kwenye sinema, kwa ukoo, ni mti wa Rufiji na Bagamoyo. Hakuna mwalimu aliyepata kuniambia hivyo. Na hakuna aliyemwambia mwalimu.

Sasa tuiangalie ile kaharabu kwa umri wake. Wataalamu wengi leo wanaikadiria kuwa na miaka milioni 15 hadi 20. Dinosau wakubwa walitoweka miaka milioni 66 iliyopita. Mbu aliyenaswa pale asingeweza kumng'ata dinosau yeyote, alichelewa kwa zaidi ya miaka milioni 40. Hata angewahi, damu isingesaidia. Mwaka 2012 watafiti waliochunguza mifupa ya moa, ndege mkubwa aliyetoweka wa New Zealand, walikadiria kwamba nusu ya viunganisho vya vinasaba huvunjika kila baada ya miaka 521 hivi. Mahali penye baridi kali huchukua muda mrefu zaidi, ndiyo maana mwaka 2022 vipande vya vinasaba vya miaka milioni 2 vilisomwa kutoka kwenye udongo wa Greenland. Lakini toka milioni 2 hadi milioni 66 ni safari nyingine.

Mwaka uleule ambao sinema ilitoka, wapo wanasayansi waliotangaza kwamba wamepata vinasaba vya mdudu wa zama za dinosau kutoka ndani ya kaharabu. Wengine walipojaribu kurudia kazi hiyo hawakupata kitu. Mwaka 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha Manchester wakachukua njia rahisi zaidi: wakatafuta vinasaba kwa nyuki walionaswa ndani ya sandarusi ya Kolombia, mmoja wa miaka takriban 60 tu, mwingine wa miaka 10,600. Hawakupata chochote cha kuaminika, hata kwa yule wa miaka 60. Napenda mtoto aisikie sehemu hii kuliko nyingine yoyote. Hapa anaona sayansi inavyokwenda hasa: mtu anadai, mwingine anarudia, dai linaanguka, na hakuna anayepigwa risasi.

Wanaosema haya ni ya watoto na burudani hawajaona yanapofika. Aprili 2025 kampuni ya Marekani ya Colossal Biosciences ilitangaza kwamba imemrudisha duniani mbwa mwitu mkubwa wa kale, aliyetoweka zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Walichofanya ni kuchukua chembe za mbwa mwitu wa kijivu wa leo na kuzibadilisha mahali 20 katika vinasaba vyake. Ni kazi kubwa ya kitaalamu, siibezi. Ila mnyama aliyezaliwa ni mbwa mwitu wa kijivu aliyerekebishwa, na habari ilivyosambaa kwenye simu zetu ilikuwa kana kwamba ile sinema imetimia. Kijana mmoja ninayemheshimu aliniuliza, bila utani, kwa nini basi tuhangaike na majangili ikiwa maabara itawarejesha wote.

Swali hilo halikunitoka kichwani kwa wiki nzima, kwa sababu jibu lake liko hapa jirani. Katika hifadhi ya Ol Pejeta, Laikipia, wanaishi Najin na binti yake Fatu, vifaru weupe wa kaskazini wawili wa mwisho duniani. Dume wa mwisho, Sudan, alikufa Machi 2018. Wanasayansi wamevuna mayai ya Fatu, wakayarutubisha kwa mbegu za madume zilizogandishwa kabla hawajafa, na viinitete vinasubiri kwenye baridi kali wapandikizwe kwa jike wa kifaru mweupe wa kusini. Miaka imepita, fedha nyingi zimetumika, chembe zote ni hai na wataalamu ni hodari, na bado wanapambana kumpata ndama. Huo ndio ugumu wa kumrejesha mnyama ambaye askari wa wanyamapori wanaweza kumgusa mgongo. Anayefikiri dinosau atarudi kwa damu ya mbu aanze kwa kuwaangalia mama na binti hao wakila nyasi na walinzi wenye bunduki kando yao.

Kwa hiyo nakubaliana na walimu kwamba upotofu upo na una gharama. Ninapotofautiana nao ni kwenye dawa. Kumkataza mtoto muvi ni kazi bure, ataitazama kwa jirani. Isitoshe, kosa la sinema likishikwa vizuri linafundisha kuliko sentensi sahihi iliyokaririwa. Hesabu ya mbu na dinosau inaweza kufanywa na mwanafunzi wa darasa la saba kwa kutoa tu. Kupima kama jiwe la bibi ni sandarusi au kaharabu kunahitaji tone la spiriti: likinata kidoleni, ni sandarusi changa. Hilo ni jaribio la sayansi, na halihitaji maabara.

Lipo pia jeraha jingine ambalo mjadala wetu haulitaji, nalo linaniuma zaidi ya ukubwa wa Velociraptor. Mtoto anatoka kwenye sinema ile akiamini kwamba visukuku ni mambo ya jangwa la Marekani, na wanaovifukua ni wazungu wenye kofia. Yule mzee wa kibandani alijua vingine. Kilima cha Tendaguru kiko mkoani Lindi, na kati ya 1909 na 1913, vita vya Majimaji vikiwa vimekwisha juzi tu, mamia ya watu wa kusini walifukua pale mifupa ya dinosau kwa ajili ya makumbusho ya Berlin. Waliifunga, wakaibeba kichwani na mabegani mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Msimamizi wao, Boheti bin Amrani, aliijua mifupa ile kwa mikono yake. Mwaka 2007 dinosau mmoja wa Tendaguru alipewa jina la kitaalamu Australodocus bohetii kwa heshima yake. Mnyama mkubwa kuliko wote katika ile mifupa alisimamishwa Berlin mwaka 1937, na bado yuko pale, mita 13.27 kutoka sakafuni hadi utosini.

Huyo ndiye anayehusika na sinema yetu. Mnyama wa shingo ndefu wa Spielberg anaitwa Brachiosaurus, na mifupa ya yule wa Marekani iliyopatikana Colorado mwaka 1900 haikukamilika. Kwa miongo mingi wachoraji waliotaka kumwonyesha mnyama huyo mzima waliitegemea mifupa ya Lindi, iliyodhaniwa kuwa ya jamii ileile. Mwaka 2009 uchunguzi wa kina ulionyesha kuwa wa Lindi ni jamii ya peke yake, Giraffatitan. Sura tuliyoishangaa Temeke, kabla umeme haujakatika, ilipita Tendaguru kabla ya kufika Hollywood.

Suala la mifupa hiyo kurudishwa, wabunge wa Lindi wamelihoji zaidi ya mara moja, na mimi ni katika wanaotaka irudi. Ila hata ikibaki huko, habari yake haihitaji kibali cha Berlin. Tunao watafsiri wa muvi wenye vipaji ambao redio zingewaonea wivu. Mtu anayeweza kumfanya Mchina wa karate aongee Kiswahili cha Mbagala anaweza kumfanya Boheti aongee. Dakika kumi zinatosha, wapagazi njiani kwenda Lindi na mfupa wa paja begani, zionyeshwe kabla ya muvi kuanza au mwalimu azicheze kwa simu darasani. Ningelipa kiingilio mara mbili.

Mwezi uliopita mpwa wangu, wa darasa la tano, aliiona Jurassic Park kwa mara ya kwanza. Ilipokwisha nilimletea kopo la bati la bibi. Aliuliza, "Mjomba, huyu naye alimng'ata dinosau?" Nikamwambia atafute mwenyewe, sisimizi wanakula nini. Akawasha tochi ya simu, akakiweka kile kipande juu yake, akajikunja mezani kuhesabu miguu. Alihesabu mara mbili. Kisha akaniita nije nione, ipo mitano, na kwamba wa sita uko pale pembeni, peke yake, karibu na kiputo cha hewa.