Adhabu kali pekee haitamwokoa anayepigwa nyumbani

KILA mara mwanamke anapouawa nyumbani na kisa chake kuzua ghadhabu nchini, wito wa kwanza huwa ni sheria kali zaidi.

Wito huo ulisikika tena Januari 27, 2024, maelfu ya waandamanaji walipofurika barabara za Nairobi na miji mingine kulaani mauaji ya wanawake. Januari 2025, Rais William Ruto aliunda jopo la watu 42, likiongozwa na aliyekuwa Naibu Jaji Mkuu Nancy Baraza, kutafuta mbinu za kukabiliana na janga hilo.

Ghadhabu hiyo ina msingi. Kwa mujibu wa utafiti wa serikali kuhusu idadi ya watu na afya wa 2022, asilimia 34 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 nchini wamewahi kudhulumiwa kimwili tangu walipotimu miaka 15.

Hata hivyo, Kenya haina uhaba wa adhabu kali vitabuni. Chini ya Kanuni ya Adhabu, anayemjeruhi mwenzake vibaya anaweza kufungwa maisha. Anayemshambulia na kumuumiza anaweza kufungwa miaka mitano.

Mnamo 2006, Bunge lilipitisha Sheria ya Makosa ya Ngono, iliyotokana na mswada wa Njoki Ndung’u, aliyekuwa mbunge wa kuteuliwa na ambaye baadaye alikuja kuwa jaji wa Mahakama ya Juu. Sheria hiyo iliweka kifungo kisichopungua miaka 10 kwa mbakaji, miaka 15 kwa ubakaji wa genge na maisha kwa anayemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini. Julai 2024, Mahakama ya Juu ilisisitiza kuwa viwango hivyo vya chini vya adhabu vingali sheria.

Je, makali hayo yamefaa nini? Jibu linapatikana katika matukio mawili ya 2013.

Mei mwaka huo, Mahakama Kuu mjini Meru iliamua kesi iliyowasilishwa kwa niaba ya wasichana walionajisiwa, ambao malalamishi yao hayakuchunguzwa ipasavyo na polisi. Jaji alisema uzembe huo ulikiuka haki zao za kikatiba, akaagiza polisi wafanye uchunguzi wa haraka na wa kina.

Mwezi mmoja baadaye, katika Kaunti ya Busia, msichana wa miaka 16 alishambuliwa na genge la wanaume. Baadhi ya washukiwa walipofikishwa polisi, adhabu yao ilikuwa kukata nyasi, kisha wakaachiliwa. Ilibidi watu zaidi ya milioni moja duniani watie saini ombi la kutaka haki ndipo kesi ikafika mahakamani. Aprili 2015, watatu walifungwa miaka 15 kila mmoja.

Kati ya kukata nyasi na miaka 15 gerezani, hakuna kifungu kilichobadilishwa. Sheria ilikuwa ile ile ya 2006. Kilichobadilika ni kwamba wenye jukumu la kuitekeleza walilazimika kuitekeleza.

Dhuluma za nyumbani zina utata zaidi, kwani anayeshtakiwa si mgeni. Mara nyingi ndiye anayelipa kodi ya nyumba, karo na kununua unga. Kadiri kifungo kinavyokuwa kirefu, ndivyo mashinikizo ya wakwe, wazee na hata wazazi wa mwathiriwa yanavyozidi kumtaka ayamalize mambo nyumbani. Shahidi mkuu anapojiondoa, kesi husambaratika, na adhabu kali hubaki maandishi tu.

Ni kwa sababu hii Sheria ya Kulinda Watu Dhidi ya Dhuluma za Nyumbani ya 2015 ilistahili kupewa uzito mkubwa. Haikuanza na jela. Ilimpa mwathiriwa nafasi ya kuiomba mahakama amri ya ulinzi, ambayo humzuia mdhulumu kumkaribia au kumtisha. Anayekaidi amri hiyo anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh100,000, kufungwa kwa muda usiozidi mwaka mmoja, au yote mawili.

Sheria hiyo inatambua pia dhuluma za kiuchumi, za kihisia na za kingono ndani ya ndoa. Lakini hapa pana pengo. Ilhali sheria ya 2015 inaitaja dhuluma ya kingono katika ndoa, ile ya 2006 ina kifungu kinachowaondoa wanandoa halali katika masharti yake kuhusu vitendo vya kulazimisha ngono. Wabunge wanaotaka kuonyesha ukali wangeanza kwa kuziba pengo hilo.

Mengine yanahitaji bajeti kuliko mswada. Amri ya ulinzi haina maana iwapo hakuna afisa wa kuifuatilia, wala makao salama ambako mama na watoto wanaweza kulala usiku wanapoitafuta. Fomu ya P3 haina maana iwapo aliyepigwa atazungushwa hadi majeraha yapone kabla ya kujaziwa. Mahakama maalumu ya kesi za dhuluma za kijinsia iliyozinduliwa Shanzu, Mombasa, mnamo 2022 ni hatua ya kuigwa, kwani kesi inayokwisha upesi humpunguzia shahidi muda wa kutishwa na kubembelezwa.

Si kwamba adhabu kali haina nafasi. Muuaji na mbakaji wanastahili kufungwa. Lakini mwanamume anayeinua mkono sebuleni hapigi hesabu ya miaka iliyoandikwa vitabuni. Huangalia kama jirani ataita polisi, kama polisi watakuja, na kama mkewe atakuwa na pa kwenda.

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Kabla ya kutafuta fimbo ndefu zaidi, serikali na Bunge hawana budi kuileta karibu ile iliyopo.